Sauti ya Kwanza, Mara Tisa

Tecla alipoitwa kwenda kuimba, alikuwa na ndizi sita hazijamenywa. Alizimenya zote, akazipanga chunguni, akafunika kwa jani la mgomba na kusukuma kuni ndani. Akamwomba mama mkwe aangalie moto usilale. Mama mkwe akasema moto una mwenyewe. Ndipo Tecla akavaa sare ya kwaya, kitenge cha bluu, akakibana begani kwa pini, maana kifungo kilidondoka tangu Pasaka na hajapata nafasi ya kukaa chini akishone.

Kigangoni, hapo Mugoma, walikuwa wanamsubiri nje ya stoo ya mazao. Ndani ya stoo, Derick, prodyuza kutoka Ngara mjini, alikuwa ameziba dirisha kwa godoro, ameivisha maiki soksi, na ameweka kompyuta yake juu ya gunia la maharage ya sadaka. Kigango kilikuwa kinaelekea kwenye jubilei, na kamati ilitaka wimbo wa kisasa. Sauti ya pili ilikuwepo, ya tatu ilikuwepo, besi walikuwepo kupita kiasi. Iliyokosekana ni sauti ya kwanza. Benedicta alikuwa amejifungua, Anneth alikuwa amevuka Burundi kwenye harusi, na wengine walikuwa shambani, kwa sababu mvua imeshika, na mvua haijui jubilei. Sauti ya kwanza yote ya kwaya ilikuwa Tecla.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mama Ineza. Ingia ukaungame," alijibu Mwalimu Anatoli.

Anatoli ndiye aliyefundisha kwaya ile tangu akina Tecla hawajaolewa Mugoma. Alikuwa amekaa kwenye benchi na mashine yake ya mkanda mapajani, ameifunika kitenge kama mtoto mchanga. Ilikuwa mashine ya zamani, yenye rili mbili kubwa kama sahani za pilau, na alikuwa ameileta ili ikae tu pale, Derick aione.

"Nimesema na narudia," alisema kwa sauti ya kusikika ndani. "Kwaya haiimbwi mtu mmoja mmoja chumbani kama kitubio. Kwaya ni watu wote, mahali pamoja, pumzi moja."

"Mwalimu, mashine yako inakaanga," Derick alijibu kutoka ndani. "Chwaaa, wimbo mzima. Mtu akisikiliza anadhani nyuma ya kwaya kuna mama anachoma maandazi."

"Hicho unachokiita maandazi ndicho chumba chenyewe! Yako wewe haina hata chumba. Watu wanaimba hawako mahali popote."

Watu wa Mugoma walikuwa wamezisikia mashine zote mbili na kila mtu alikuwa na upande wake. Ya Anatoli ilinasa kila kilichokuwepo kwa mkupuo mmoja: waimbaji, mvua kwenye bati, mbuzi wa katekista, na ikiwekwa karibu na dirisha, redio ya Burundi. Mmoja akikosea, wote hurudia. Umeme ukipungua, rili hulegea na sauti ya kwanza huwa besi. Mwaka fulani umeme ulipungua vibaya katikati ya wimbo wa Noeli, na wanawake wa kwaya wakaishi na sauti za besi mpaka katikati ya wiki. Hakuna aliyeona ajabu. Waume tu ndio waliosema kwamba kufokewa kwa besi kunauma zaidi.

Ya Derick ilimpa kila mtu njia yake. Anayekosea hurudia peke yake. Anayekuja kesho, huingizwa kesho. Na asiyekuja kabisa, hunakiliwa aliyekuja.

"Mama Ineza, utatosha," Derick alimwambia, akimvalisha hedifoni. "Imba kiitikio kimoja tu, kizuri. Nitakukopi mara nane. Wanne nawapeleka kushoto, wanne kulia, wewe nakuacha katikati. Halafu kila mmoja namsogeza nyuma kidogo kuliko mwenzake, msije mkasikika mtu mmoja."

"Na beti?"

"Beti utaimba mwenyewe. Hao nane ni wa kiitikio tu."

Tecla hakuona ubaya. Aliimba kiitikio akiwa ametazama gunia: *Tutakwenda, tutakwenda, nyumbani tutakwenda.* Akaimba na beti. Derick akabonyeza anavyojua yeye, akainua kidole gumba, na Tecla akakimbilia ndizi zake.

Alipofika nyumbani, ndizi zilikuwa zimeshageuzwa. Tecla mmoja alikuwa anachochea moto, wa pili anafagia, wa tatu amebeba ndoo ya maji, na wengine walikuwa wamesimama uani, wanne kushoto kwa mlango na wanne kulia ukiwajumlisha wote. Kila mmoja alikuwa na pini begani.

Jovitus, mumewe, alikuwa kwenye kigoda chake. Aliwatazama, akavuta miguu ili wapite vizuri.

"Mmekula?" aliuliza.

"Bado," alisema Tecla.

"Bado," walisema wanane, mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho alisema bado wakati Jovitus ameshaanza kunawa.

Ndivyo walivyokuwa. Walikuwa wa kiitikio. Hawakuanza neno, waliitikia. Tecla akicheka, kicheko kilipita uani kama kuku waliotishwa, na yule wa mwisho kulia, ambaye Derick alimsogeza nyuma kuliko wote, alicheka watu wakiwa wameshanyamaza. Huyo ndiye aliyekuta ugali umeisha kila siku. Wa kushoto hawakuvuka kwenda kulia, wala wa kulia kushoto. Kwa bahati jiko, kisima na banda la mbuzi vilikuwa kushoto, na shamba, kahawa na mama mkwe vilikuwa kulia.

Mama mkwe aliwapokea vizuri. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, akawapa jembe.

Siku zikaenda. Jovitus alikuwa mtu wa kusikiliza taarifa ya habari na kuwaza, na baada ya kuwaza sana alitoa maoni yake. Chakula kinafika saa ileile. Maji yanaisha saa ileile. Nguo zinaanikwa jua likiwa palepale.

"Mimi sioni kilichoongezeka," alisema.

Jirani yao, Eustakia, aliona vilevile kutoka upande wake wa ua. Eustakia hakuwa na siri ya kwake wala ya mwenzake.

"Ee shoga! Mko tisa na vyombo bado viko nje?"

Tecla alitazama vyombo. Kweli vilikuwa nje. Akatazama uani amwone Tecla aliyekaa, amtume. Mmoja alikuwa anatwanga. Mmoja anakata majani ya mbuzi. Mmoja alikuwa anamkanda mama mkwe mgongo, na mwingine anangoja kumkanda miguu. Mmoja alikuwa shambani, mmoja kwenye kahawa, wawili kisimani. Yeye mwenyewe alikuwa ameshika shati la Jovitus, anapaka sabuni kwenye kola. Hapakuwa na aliyekaa.

"Kumbe ni kazi ya watu tisa," alimwambia Eustakia.

"Tangu lini?"

"Tangu niolewe, nadhani."

"Basi ulikuwa unajipunja, shoga," alisema Eustakia, na bila kupumzika akaomba kuazimwa mmoja wa kwenda kumpalilia mihogo.

Wengine nao walikuja kuazima. Jumuiya iliomba wawili wa kupika msibani Murukulazo. Katekista aliomba mmoja wa kudeki. Ikawa watu wanasema Mugoma sasa ina wanawake wanaojituma, na walimsifu Derick kwa hilo.

Ndipo Wiston alipopiga simu. Wiston ni mdogo wake Tecla, anaishi na mama yao kule Nemba, wilaya ya Biharamulo, katika nyumba ileile waliyozaliwa.

"Dada, macho ya mama," alisema. "La kushoto limeshafunga. La kulia anaona kama mtu aliye ndani ya chandarua. Anasema anataka kukuona uso kabla halijafunga na hilo."

Tecla hakuwa amefika Nemba tangu mazishi ya baba yake. Kila mwaka aliomba, na kila mwaka Jovitus, ambaye hakuwahi kumpiga wala kumtukana, na ambaye watu wote walimtaja kuwa mtu mpole, alimuuliza swali moja kwa upole: ukienda, nani atabaki? Tecla hakuwahi kupata jibu. Safari hii alilipata. Alipiga magoti, akamwandalia maji ya kunawa, akasubiri ashibe.

"Baba Ineza, nataka kwenda Nemba kumwona mama."

"Nani atabaki?"

"Wanabaki wanane."

Jovitus akatikisa kichwa. Hilo lilikuwa jambo la akili. "Wanane wanatosha," alikubali. "Unataka kwenda lini?"

"Kesho. Nataka kwenda Nemba kumwona mama."

"Nataka kwenda Nemba kumwona mama," alisema wa kwanza kushoto. "Nataka kwenda Nemba kumwona mama," alisema wa pili. Ilizunguka uani kote, ikapita jikoni, ikapita bandani, na wa mwisho kulia alipomaliza, Jovitus alikuwa ameshaweka mikono kichwani.

"Sasa mnataka kwenda nyote?"

Tecla alinyamaza ili wasiitikie. Lakini yalikuwa yameshasemwa.

"Mama yenu mmoja, haki yenu sawa," alisema Jovitus. "Nikimruhusu huyu nikamkataza yule nitakuwa nimebagua. Na nyote mkienda, nani atabaki?"

Kesho yake asubuhi Tecla hakuomba tena. Alifunga ndizi mbivu na kahawa ya kutafuna kwenye kanga, akatoka kama anayekwenda kisimani, akashika njia ya kwenda stendi ya pikipiki. Hakugeuka nyuma. Hakuwa na haja ya kugeuka, alizisikia ndala. Wanne walikuwa upande wa kushoto wa barabara, wanne upande wa kulia, kila mmoja na kanga yake kichwani.

Elick, kijana wa bodaboda, aliwatazama, akaitazama pikipiki.

"Mama, mimi napakia wawili. Wakibanana, watatu. Tisa hapana."

"Nipakie mimi peke yangu, mpaka Ngara mjini, nipande basi."

"Nipakie mimi peke yangu," walisema wanane.

Elick akajikuna. "Peke yako yupi?"

Walikuwa bado wanazungumza hivyo Jovitus alipotokea, anatembea taratibu, mikono nyuma. Hakufoka. Aliwaamkia vijana wa stendi, akauliza habari za mvua, kisha akamgeukia mkewe.

"Maji yamechemka," alisema.

"Si uyaepue?"

Jovitus alimtazama kwa mshangao wa kweli, mshangao wa kwanza kuonekana Mugoma tangu mambo haya yaanze. Tecla akageuza njia. Wanane nao wakageuka, mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho alikuwa bado anakwenda mbele wakati wenzake wanarudi, ikabidi Elick amwite.

Jioni ile Tecla alikwenda kwa Mwalimu Anatoli. Kwa kuwa yeye alikwenda, walikwenda.

"Shikamoo, mwalimu." Zikafuata shikamoo nane. Anatoli alisubiri zote ziishe, akajibu marahaba moja, kwa sababu alikuwa mtu wa mkanda.

"Nilisema," alisema kwa furaha kubwa, baada ya kuelezwa shida. "Nilisema au sikusema? Kompyuta inatenganisha watu! Mashine yangu haina njia za mtu mmoja mmoja. Ina barabara moja. Mtu akishaingia mle na wenzake, hata mimi siwezi kumtoa. Njooni Jumamosi, tuimbe wote, tuone kama kuna wanane."

Tecla alipiga hesabu yake njiani. Akiwa mmoja, atapanda pikipiki kama mtu mmoja. Atamwomba Jovitus kama mtu mmoja, na hakuna atakayemwitikia.

Jumamosi walirekodi kanisani, wote, sauti zote nne. Anatoli alikataa kuondoa hata benchi. Maiki ilikuwa moja, ikining'inia kwa kamba ya katani juu ya vichwa vyao. Besi walikohoa, wakarudia. Mbuzi alilia, Anatoli akasema mbuzi abaki. Mara ya tatu mvua ilianza kwenye bati, na waliimba juu ya mvua, *nyumbani tutakwenda*, na Tecla alisikia sauti za wale wanane zikimsogelea masikioni, zikiacha kuchelewa, moja moja, mpaka akawa hasikii ipi ni ya nani. Mkanda ukaisha kwenye rili ya kushoto. Ncha yake ikawa inachapa, chap, chap, chap.

Katikati ya safu alikuwa amesimama Tecla mmoja. Pini nane zilikuwa sakafuni. Katekista aliziokota, akaziweka sakristia, huenda zikahitajika.

Uchovu wa watu tisa uliingia kwenye mwili mmoja, na Tecla alikaa kwenye benchi lililokuwa karibu. Alikuwa hajakaa siku nyingi, akaona benchi ni kitu kizuri. Kisha akainuka, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kigoda cha Jovitus.

"Baba Ineza, nataka kwenda Nemba kumwona mama."

Hakuna aliyeitikia. Uani palikuwa kimya kabisa, vyombo viko nje, mbuzi hawajakatiwa majani, moto umezimika.

Jovitus alisikiliza ukimya ule wote kwanza. Alikuwa mtu wa haki.

"Sasa si uko peke yako," alisema kwa huruma. "Ukienda, nani atabaki?"

Kamati ya jubilei ilikutana Jumapili baada ya misa, na watu wote walibaki, kwa sababu kulikuwa na uji. Walisikilizishwa nyimbo zote mbili. Ule wa mkanda ulikuwa na mvua, mbuzi, kikohozi cha besi, na sauti moja ya kwanza iliyosikika kama mtu anayeimba akiwa amebeba kuni. Wazee wawili walitoa machozi. Ule wa kompyuta ulikuwa safi kama sahani mpya.

"Wa mkanda una roho," alisema Anatoli.

"Una mbuzi," alisema Derick.

Eustakia akasimama, kitenge kiunoni. "Jamani, tuseme ukweli mbele ya altare. Wageni wa jubilei watakula. Huo wimbo wenye roho utawapikia?"

Hoja hiyo haikupata wa kuipinga. Mikono ikanyooshwa, wimbo wa kompyuta ukapita. Mkono wa Tecla ulikuwa umeshika beseni la vikombe vya uji, kwa hiyo haukuonekana uko upande gani.

"Lakini si wameshapotea, wale?" aliuliza mwenyekiti wa kamati.

"Mkanda ndio unapoteza," alisema Derick. "Kompyuta haipotezi, inaficha tu." Akafungua, akabonyeza. Wanane wakatokea nyuma ya stoo, wanne kushoto, wanne kulia, kila mmoja na sufuria. Katekista akawagawia pini zao.

Jubilei ilifana. Wageni walitoka hata Biharamulo, walikula, walisaza, na waliusifu wimbo. Kila mtu akaupeleka kwa ndugu zake kwa simu, na Tecla naye akampelekea Wiston.

Mama yake alipiga siku chache baadaye, jioni, Tecla akiwa anachambua maharage kwenye ungo na simu ameibana kwa bega.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wiston amenivalisha vitu masikioni nimekusikia," alisema Bibi Kalista. Alizungumza Kisubi, lugha ya kwao, taratibu, kama mtu anayepapasa ukuta. "Jicho la pili nalo limefunga. Si neno, limefunga bila kuuma. Nimekusikia vizuri. Wanne mko upande wa mlangoni, wanne upande wa ukutani, na mmoja katikati. Wewe ni yule wa katikati."

"Ndiye mimi, mama. Umejuaje?"

"Hao wengine hawachoki."

Tecla aliokota jiwe kwenye maharage, akalitupa.

"Nimehesabu na kurudia, maana sasa sina kazi nyingine," aliendelea mama yake, bila ukali, kama anayeuliza bei ya chumvi. "Mko tisa, mwanangu. Hata mmoja hakupata nafasi?"

Tecla alifungua mdomo ajibu. Kwenye kigoda, Jovitus alikuwa amemaliza kusikiliza taarifa ya habari na alitaka maji ya kunawa.

"Mama Ineza!"

"Abee," alisema Tecla.

"Abee," waliitikia, kutoka jikoni, kutoka kisimani, kutoka bandani, kutoka kwenye kahawa, mmoja baada ya mwingine. Kule Nemba Bibi Kalista alibana simu sikioni akazisikiliza sauti hizo zikipita, mpaka ile ya mwisho kulia, iliyochelewa kama kawaida yake, ndipo akakata.